Kutembea, kunyanyua vyuma, yoga au tai chi: lipi kwa mgonjwa wa saratani mwenye ukungu wa akili?

Dada yangu alikuwa amemaliza dozi ya nne ya kemo, dawa kali za kuua seli za saratani, aliposahau namba ya siri ya kadi yake ya benki. Ni namba aliyoitumia miaka kumi na moja. Alirudi nyumbani, akaketi kitandani, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba sasa saratani imepanda kichwani. Haikuwa imepanda. Kilichompata huwapata wagonjwa wengi sana, nacho si wazimu wala uzembe. Mawazo yanapungua kasi. Neno liko ulimini lakini halitoki. Unasoma ukurasa mmoja mara tatu, unaingia chumbani na kusahau ulifuata nini. Wengi huita hali hii ukungu wa akili. Wengine husema ubongo wa kemo, ingawa kemo si mkosaji pekee: saratani yenyewe, mionzi, tiba ya homoni, usingizi mbovu, upungufu wa damu na hofu vyote vina mkono wao.

Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa zimekuta kwamba hadi 30% huwa na matatizo haya hata kabla ya kuanza kemo, hadi 75% huyapata wakati wa matibabu, na hadi 35% hubaki nayo baada ya kumaliza. Kwa hiyo kama ni wewe, au ni mtu unayemuuguza, hamko peke yenu.

Daktari alimwambia dada afanye mazoezi, na neno hilo moja likazaa maswali kumi. Shangazi alipendekeza matembezi. Jirani alisema yoga. Mjomba alisema apumzike kabisa, asijichoshe. Mimi nilikuwa na orodha ya michezo ya simu ya kuchangamsha ubongo. Tulichokosa ni mtu wa kutupangia njia hizi mezani na kutuambia ipi inamfaa nani, na kwa wakati gani. Ndicho ninachojaribu kufanya hapa.

Akili hupimwa kwa mizani mbili

Hili inabidi lianze, kwa sababu asiyelijua atayumbishwa na kila habari anayosoma. Mizani ya kwanza ni majaribio ya mezani: unasomewa orodha ya maneno uyakumbuke, unaunganisha namba kwa mstari huku saa ikihesabu, unaonyeshwa maumbo uyatofautishe. Mizani ya pili ni maelezo yako mwenyewe: unasahau mara ngapi, unapata tabu gani kufuata mazungumzo, kazi zinakushinda kiasi gani.

Mizani hizi mbili mara nyingi hazikubaliani. Katika tafiti za mazoezi kwa wagonjwa wa saratani, ya pili huonyesha nafuu mara nyingi zaidi kuliko ya kwanza. Wapo wanaosikia hivyo wakasema basi nafuu hiyo ni ya kujidanganya. Mimi sikubaliani nao. Majaribio hufanyika katika chumba tulivu, kwa muda mfupi, na mgonjwa hukusanya nguvu zake zote ili afaulu. Maisha hayako hivyo. Mtu anaweza kufaulu jaribio la saa moja kisha akashindwa kupanga siku yake, kwa sababu kufikiri kwenyewe kumekuwa mzigo. Mzigo huo ukipungua, hata kama alama za jaribio zimebaki palepale, maisha yake yamebadilika kweli.

Ni haki pia kusema ushahidi umefika wapi. Mwaka 2018 American College of Sports Medicine, chama cha Marekani cha tiba ya michezo, kilikutanisha wataalamu wa nchi mbalimbali, na mapendekezo yao yakachapishwa mwaka 2019. Walikuta ushahidi imara kwamba mazoezi hupunguza uchovu, wasiwasi na dalili za huzuni, na huongeza uwezo wa mwili na ubora wa maisha kwa watu wenye saratani. Kuhusu akili, walisema ushahidi wakati ule haujatosha. Tafiti zimeongezeka tangu hapo, na picha imekuwa ya matumaini zaidi, lakini atakayekuahidi kwamba mazoezi yatairudisha kumbukumbu yako yote anakupa asichokuwa nacho.

Kutembea kwa kasi au mazoezi ya nguvu?

Hapa ndipo pana habari nyingi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mazoezi ya moyo na mapafu, yaani kutembea kwa kasi, baiskeli, kuogelea au kucheza dansi, ndiyo yaliyochunguzwa zaidi kwa upande wa ubongo. Damu huenda kwa wingi kichwani. Mwili hutengeneza protini zinazolisha seli za neva. Uvimbe wa ndani, si ule wa saratani yenyewe bali ule wa kemikali za kinga zinazozunguka kwenye damu na kuusumbua ubongo wakati wa saratani na matibabu yake, huelekea kupungua kadiri mtu anavyoendelea kufanya mazoezi wiki baada ya wiki. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2011 utafiti wa wazee 120. Kundi moja lilitembea hadi dakika 40 kwa siku, siku 3 kwa wiki, mwaka mzima. Jingine lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, iliongezeka ukubwa kwa karibu 2% kwa waliotembea, na ilipungua kwa wenzao. Wazee hao hawakuwa wagonjwa wa saratani, lakini utafiti huo unaonyesha kwamba sehemu ya ubongo inayopungua kwa umri inaweza kukua tena kwa miguu tu.

Kwa wagonjwa wenyewe, utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua wanawake 87 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti. Baada ya wiki 12 za kuongeza mwendo, kasi yao ya kuchakata mambo akilini iliongezeka kuliko ya wenzao, hasa kwa wale ambao hawajapita miaka 2 tangu wagunduliwe. Hii ni mizani ya kwanza, ile ngumu kuisogeza. Na kasi ni miongoni mwa vinavyopotea mara nyingi: mtu anayajua majibu lakini yanachelewa kufika.

Mazoezi ya nguvu, yaani vyuma, mikanda ya mpira, au uzito wa mwili wako mwenyewe kama kuinuka kitini na kuketi tena, yana ushahidi mchache zaidi kuhusu akili za wagonjwa wa saratani. Mara nyingi yamechunguzwa yakiwa yamechanganywa na kutembea, kwa hiyo ni vigumu kujua kipi kimeleta nini. Nje ya saratani kuna utafiti wa Vancouver, Kanada, uliochapishwa mwaka 2010: wanawake 155 wa miaka 65 hadi 75 walifanya mazoezi ya nguvu mara moja au mbili kwa wiki kwa miezi 12, na uwezo wao wa kuweka umakini kwenye jambo moja huku mengine yakiwavuta uliongezeka. Uwezo huo ndio unaohitajika unapopika huku simu inalia na mtoto anakuuliza swali.

Lakini vyuma vina sifa ambayo kutembea hakuna. Vinarudisha misuli. Kemo hula misuli, kulala kitandani hula misuli, na tiba ya kushusha homoni za kiume kwa wenye saratani ya tezi dume huila pia. Mwili dhaifu huchoka mapema, na mwili uliochoka huvuta akili chini pamoja nao. Mwanamume aliye kwenye tiba hiyo, akiniuliza, nitamwambia asiache vyuma hata kidogo.

Woga mmoja ni lazima niuseme kwa sababu umewafungia wanawake wengi nyumbani. Kwa miaka mingi waliotolewa tezi za limfu kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti waliambiwa wasinyanyue kitu kizito maisha yao yote, mkono usije ukavimba. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wanawake ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba. Walinyanyua vyuma mara 2 kwa wiki, wakianza na uzito mdogo na kupanda polepole chini ya uangalizi. Uvimbe haukuongezeka, na hali ya mkono kuzidi kuwa mbaya ilitokea mara chache zaidi kwao kuliko kwa wasionyanyua. Kinachotakiwa ni kupanda kidogo kidogo na kuuangalia mkono.

Sasa lipi? Kama kinachokusumbua zaidi ni akili kuwa nzito na ya polepole, na miguu yako ina nguvu za kukubeba, anza na kutembea. Kama huwezi kupanda ngazi bila kushika ukuta, anza na nguvu, kwa sababu hutatembea kwa kasi inayotosha mpaka misuli ikuruhusu. Na mwisho wa yote, lenga kuwa na vyote viwili. Mapendekezo yale ya 2019 yanataja dakika 30 za mazoezi ya moyo na mapafu mara 3 kwa wiki, na ya nguvu mara 2 kwa wiki, seti 2 za marudio 8 hadi 15. Kasi ya kutembea hupimwa kwa mdomo: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba.

Yoga na tai chi

Yoga ni mazoezi ya mikao na pumzi yenye asili ya India; tai chi ni ya Kichina, ya miondoko ya polepole inayofuatana. Watu huziona kama mazoezi ya wasiojiweza. Ni kosa kubwa. Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, wanawake 200 waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti waligawanywa: nusu walifanya yoga mara 2 kwa wiki kwa wiki 12, nusu wakasubiri. Mafunzo yalipoisha, malalamiko ya akili hayakutofautiana sana kati ya makundi. Miezi 3 baadaye waliofanya yoga walikuwa na malalamiko pungufu kwa 23%. Ninautaja ucheleweshaji huo kwa sababu watu huacha yoga wiki ya tano wakisema haijafanya kitu.

Yoga inafanya kazi kwa mlango wa nyuma: pumzi, utulivu na usingizi. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2013, wa watu 410 waliopona saratani ambao usingizi uliwasumbua, ulionyesha kwamba wiki 4 za yoga ya upole ziliboresha usingizi na kupunguza matumizi ya dawa za kulala. Anayelala hukumbuka. Asiyelala hata angetembea kilomita kumi, asubuhi kichwa kitakuwa kizito.

Tai chi ina nguvu yake mahali hapohapo pa usingizi. Mwaka 2017 watafiti wa Los Angeles waliilinganisha na tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia, ambayo ndiyo tiba inayoaminika zaidi ya kukosa usingizi, kwa watu 90 waliopona saratani ya matiti. Tai chi haikuachwa nyuma. Kuhusu qigong, zoezi jingine la Kichina lililo karibu na tai chi, utafiti wa Australia wa mwaka 2012 uliwapa wagonjwa wa saratani wiki 10 za mafunzo, na maelezo yao kuhusu akili zao yakawa bora kuliko ya wasiofundishwa.

Kati ya hizi mbili, swali langu kwako ni miguu. Kama kemo imekuachia ganzi nyayoni, tai chi hufundisha uwiano wa mwili ukiwa umesimama, taratibu, uzito ukihama mguu mmoja kwenda mwingine. Lakini siku za kwanza kiti kiwe karibu nawe. Yoga inaweza kufanywa yote ukiwa umeketi au umelala, na ndiyo ningempa aliye kitandani wiki nzima. Tai chi pia inakutaka ukumbuke mpangilio wa miondoko, hatua baada ya hatua, na hilo ni zoezi la kumbukumbu ndani ya zoezi la mwili. Dansi ina faida hiyohiyo, na ina muziki.

Wenye haraka wanaweza kutazama hapa, ingawa jedwali haliwezi kukujua:

| Zoezi | Nguvu yake kubwa | Anayefaidika zaidi | Angalia |
|---|---|---|---|
| Kutembea kwa kasi | Kasi ya kufikiri, uchovu | Akili nzito, miguu ina nguvu | Moyo, upungufu wa damu |
| Mazoezi ya nguvu | Misuli, umakini | Aliyepungua misuli, tiba ya homoni | Saratani ya mifupa, mkono unaovimba |
| Yoga | Usingizi, wasiwasi | Anayelala vibaya, aliye dhaifu sana | Mikao ya kupinda mgongo au kuinamisha kichwa |
| Tai chi | Usingizi, uwiano wa mwili | Mwenye ganzi nyayoni, mwenye umri mkubwa | Kuanguka siku za mwanzo |

Mazoezi ya mwili au michezo ya ubongo?

Hili lilikuwa pendekezo langu mimi kwa dada, kwa hiyo nimelichunguza kwa hamu. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa watu 242 waliokuwa wamemaliza kemo na bado wanalalamikia akili zao. Waliopewa programu ya kompyuta ya mazoezi ya ubongo ya wiki 15 waliripoti nafuu kubwa kuliko wenzao. Kwenye majaribio ya mezani, tofauti haikuonekana. Yaani matokeo yanafanana sana na ya mazoezi ya mwili: nafuu kwenye mizani ya pili, ukimya kwenye ya kwanza.

Nikiwa na saa moja tu kwa siku, nitaipa miguu. Saa hiyohiyo ya kutembea inashughulikia uchovu, usingizi, moyo na huzuni. Mchezo wa kompyuta unashughulikia jambo moja. Lakini kuna siku mgonjwa hawezi kuinuka, na siku hizo programu nzuri, au fumbo la maneno, au kumsomea mjukuu hadithi kwa sauti, si kupoteza muda.

Wakati wa matibabu au baada yake?

Mjomba wetu alikuwa na nia njema, lakini kupumzika kabisa hakumsaidii mgonjwa. Misuli hupungua, pumzi hukatika mapema, na uchovu huongezeka badala ya kupungua. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2024 uliwachukua wanawake 57 wenye saratani ya matiti na kuwapa baadhi yao mazoezi ya moyo na mapafu wakati kemo ikiendelea. Waliofanya mazoezi walijiona wana akili bora mwisho wa kemo. Majaribio ya mezani hayakuonyesha tofauti. Umeshauzoea mtindo huu.

Ulio na mafunzo zaidi kwangu ni ule wa Uholanzi wa mwaka 2022. Wanawake 181 waliotibiwa kwa kemo, miaka 2 hadi 4 baada ya kugunduliwa, wote wakiwa na malalamiko ya kumbukumbu. Walifanya mazoezi saa 4 kwa wiki kwa miezi 6: saa 2 chini ya mtaalamu, za kutoa jasho na za nguvu, na saa 2 za kutembea kwa kasi na fimbo. Kumbukumbu iliyopimwa kwa majaribio haikupanda kwa kundi zima. Lakini waliripoti akili bora, uchovu pungufu, huzuni pungufu na maisha bora. Na kwa wale walioanza wakiwa na uchovu mkubwa, hata majaribio yalionyesha nafuu. Soma tena sentensi hiyo ikiwa wewe ndiye uliyechoka kuliko wote na umejiambia huna nguvu za kuanza. Kwa ushahidi huo, huenda ndiwe wa kufaidika zaidi.

Kwa hiyo wakati wa matibabu, lengo ni kutoanguka chini sana. Baada ya matibabu, lengo ni kupanda. Wakati wa kemo, dakika 10 mara mbili kwa siku zinatosha kuanzia, na siku 2 au 3 baada ya dripu zinaweza kuwa za kujinyoosha tu. Baada ya kumaliza, ongeza dakika 5 kila wiki au kila wiki mbili, hadi ukaribie zile dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitaja katika mwongozo wake wa mwaka 2020 kwa watu wazima, wakiwemo waliopona saratani. Kuzifikia si sharti la kufaidika. Kutoka sifuri kwenda dakika 60 kwa wiki ni safari kubwa.

Kwa watoto waliopigwa mionzi kichwani kwa uvimbe wa ubongo, nitasema kwa ufupi tu: utafiti wa Toronto wa mwaka 2017, wa watoto 28, ulionyesha kwamba wiki 12 za mazoezi ziliboresha njia za mawasiliano za ubongo na kasi yao ya kuitikia. Mtoto wa namna hiyo mpelekeni kucheza, daktari wake akiruhusu.

Nyumbani peke yako au chini ya mtaalamu?

Tafiti zikiunganishwa, mazoezi yanayosimamiwa huleta matokeo makubwa zaidi kwenye uwezo wa mwili na ubora wa maisha. Sababu si siri: mtu anakusubiri, anakusahihisha, anakupandishia uzito wakati wewe ungebaki palepale. Kwa mwenye ukungu wa akili kuna sababu nyingine ambayo watu husahau. Kupanga mazoezi ni kazi ya akili. Kukumbuka siku, saa, idadi ya marudio, yote hayo yanaitegemea akili ileile iliyochoka.

Lakini nyumbani pana nafasi yake. Hakuna safari, hakuna watu wanaokohoa wakati kinga yako iko chini. Huko Uholanzi wagonjwa wa uvimbe wa ubongo uliokuwa umetulia walifanya mazoezi nyumbani kwa miezi 6 huku kocha akiwafuatilia kwa mbali, na umakini wao ulionyesha dalili za kuboreka. Njia ya kati ndiyo ningeichagua: vikao vichache vya mwanzo na mtaalamu wa tiba ya viungo akufundishe namna, kisha nyumbani, huku mtu mmoja wa familia akiwa ndiye kalenda yako. Andikeni kwenye karatasi kubwa ukutani. Usitegemee kukumbuka.

Pale ambapo unasimama kwanza

Usianze mazoezi siku yenye homa. Nenda hospitali, hasa ukiwa kwenye kemo. Kama chembe za kugandisha damu ziko chini, acha vyuma vizito na chochote kinachoweza kukuangusha, mpaka daktari aseme. Kinga ikiwa chini, epuka kumbi zenye watu wengi na mabwawa ya umma. Bwawa liepuke pia kama una mrija wa dawa unaotokeza nje ya ngozi, au ngozi imeungua kwa mionzi. Saratani ikiwa imefika kwenye mifupa, mazoezi hayajakatazwa, ila yapangwe na mtu anayejua mfupa upi umeathirika. Zipo dawa za saratani zinazougusa moyo. Kama ulizipata, uliza kuhusu moyo wako kabla ya kuongeza kasi. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukatika ghafla, au kichwa kuuma kwa namna mpya: simama na utafute msaada.

Na ukungu ukija ghafla, au ukiambatana na udhaifu wa upande mmoja, kuchanganyikiwa, degedege au kushindwa kuongea, hilo si jambo la kutibu kwa matembezi. Ni dharura.

Muombe daktari pia akague vitu vinavyotibika vyenyewe: damu, tezi ya shingo, vitamini, dawa za maumivu na za usingizi zinazopumbaza, huzuni. Nimeona mtu akijilaumu kwa kutotembea vya kutosha kumbe damu yake ilikuwa chini sana.

Uchaguzi wenyewe

Ningekuwa nimeketi nawe ningekuuliza kwanza maswali mawili tu. Unalala? Kama hulali, yoga au tai chi kwanza, kutembea kufuate. Unaweza kuinuka kitini mara tano bila kutumia mikono? Kama huwezi, nguvu kwanza. Kama unalala na unainuka, basi kutembea kwa kasi ndiko kuwe msingi, na nguvu mara mbili kwa wiki juu yake. Swali la tatu halina jibu la kitabibu, lakini nalithamini kuliko mengine: lipi utalifanya hata wiki mbaya? Zoezi bora mara 2 kwa wiki kwa mwezi mmoja linashindwa na la wastani linalodumu miezi sita.

Dada alianza vibaya kwa sababu yangu. Nilimsukuma atembee nusu saa siku moja baada ya dripu, akatapika njiani, akaapa hatatoka tena. Tukaanza upya. Wiki ya dripu alifanya yoga kitandani jioni. Wiki zilizofuata alitembea asubuhi kabla jua halijawa kali, dakika kumi, halafu kumi na tano, halafu ishirini na tano. Mikanda ya mpira ilining'inia mlangoni Jumanne na Ijumaa, mahali ambapo asingeweza kuipita bila kuiona. Tulikuwa na daftari, na kila Jumapili aliandika namba tatu tu: dakika alizotembea, saa alizolala, na ukungu kwa kipimo cha 0 hadi 10.

Miezi miwili ya kwanza namba ya ukungu ilikuwa 7, 8, 7, 7. Usingizi ndio uliotangulia kubadilika. Mwezi wa nne aliandika 5. Mwezi wa saba, kwenye foleni ya malipo, alisimama mbele yangu akabonyeza namba yake ya siri bila kuniangalia. Jumapili ile aliandika 3. Bado hutafuta maneno akichoka, na bado karatasi ya ukutani ipo.